Waya Mmoja, Wakaguzi Wawili



Mwaka 2011 habari zilienea hapa Kampala, na redio za nchi za nje zikazitangaza, kwamba kijana Chris Nsamba, akisaidiwa na wenzake waliojitolea, anajenga ndege katika ua wa nyumba ya mama yake huko Ntinda. Ndege hiyo waliipa jina African Skyhawk. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika nchi jirani ya Kenya, Gabriel Nderitu, mtu wa kazi za kompyuta, aliunda ndege yake kwa kutumia injini ya gari. Watu waligawanyika. Wako waliocheka, na wako waliojivuna. Wengi waliuliza swali moja tu: itaruka?

Sisi tunaokula kwa kazi ya mikono tuna swali jingine, nalo si la kumdhihaki mtu. Rubani akivuta mpini wake, ni kitu gani kinachopeleka nguvu ya mkono wake mpaka mkiani? Kitu hicho kimepitishwa wapi? Nani alikipitisha, na nani alikitazama baada yake?

Kitu chenyewe ni waya. Katika makala haya tutaeleza kazi ya kupitisha waya huo, maana ndani yake mna fundisho linalomhusu hata yule ndugu yetu wa shamba la miwa ambaye hajawahi kupanda ndege.

NDEGE YA SANDUKUNI

Huko Marekani na Ulaya yapo makampuni yanayouza ndege kwa vipande. Mnunuzi huletewa masanduku yenye mbavu za mabawa, bati za alumini, ribiti, nyaya na michoro, naye huunga mwenyewe katika banda la gari, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Wengi huchukua miaka kadhaa kumaliza. Sheria ya Marekani yataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha, ndipo ndege hiyo ihesabiwe kuwa imejengwa nyumbani. Chama cha wajenzi hao kilianzishwa mwaka 1953 huko Wisconsin, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkubwa hufanyika katika mji wa Oshkosh.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya wenye digrii peke yao. Orville na Wilbur Wright, walioruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton. Rubani wao alilala kifudifudi, kiuno chake kikiwa ndani ya kitanda kidogo cha mbao. Alipokisogeza kiuno upande mmoja, nyaya zilivuta ncha za mabawa zikapinda, na ndege ikainama upande alioutaka. Basi mwanzo wa usukani wa ndege ni waya na kapi, vitu ambavyo fundi yeyote wa Katwe anavijua.

BREKI YA BAISKELI NA MKIA WA NDEGE

Waya wa breki ya baiskeli hupita ndani ya ala. Katika ndege nyingi ndogo, zikiwamo zile za Cessna tunazoziona zikitua Kajjansi kando ya barabara ya Entebbe, waya wa usukani hupita wazi. Huanzia kwenye mpini au pedali, hupita chini ya sakafu au ubavuni, huzunguka kapi moja na nyingine, mpaka ufike kwenye kibawa unachokiendesha. Viko vibawa vya ukingoni mwa mabawa, ambavyo mafundi huviita aileroni. Hivyo huinamisha ndege kulia au kushoto. Kiko kibawa kilicholala mkiani, kinachopandisha na kushusha pua ya ndege. Na uko usukani uliosimama mkiani, unaogeuza pua upande.

Waya una tabia moja: unaweza kuvuta, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo kila kibawa huhitaji nyaya mbili, mmoja wa kuvuta huku na mwingine wa kuvuta kule. Tukumbuke jambo hili, maana baadaye tutaona hatari yake.

Kebo inayotumiwa sana ina unene wa milimita 3 na kidogo. Ukiikata na kuitazama, utaona misokoto 7, na kila msokoto una nyuzi 19. Jumla ni nyuzi 133 katika kitu chembamba kuliko kalamu ya risasi. Ikiwa ni ya chuma kilichopakwa zinki, hubeba uzito wa kilo 900 hivi kabla ya kukatika. Ile ya chuma kisichoshika kutu hubeba pungufu kidogo, kama kilo 800. Nguvu hiyo ni kubwa mno kuliko ya mkono wa rubani. Ndiyo maana mafundi wazee husema kwamba waya mzima haukatwi na rubani. Hukatwa na njia mbaya.

NJIA NZURI NA NJIA MBAYA

Fundi mwangalifu hapitishi kebo siku ya kwanza. Kwanza hupitisha uzi wa kawaida, kutoka mpini mpaka mkiani, kupitia kila tundu na kila kapi. Uzi huo ukigusa ubavu wa chuma, kebo nayo itagusa. Uzi ni rahisi, na kuhamisha kapi kabla ya kufunga bati ni rahisi pia. Baada ya kufunga bati, kila kitu ni ghali.

Waya unapotakiwa kugeuka, ugeuzwe na kapi. Vile vipande vya nailoni vinavyowekwa ukutani huzuia waya usicheze na kugonga chuma, lakini havikuumbwa kuugeuza. Kanuni ya mafundi wa ndege ni kwamba kipande kama hicho kisipinde waya zaidi ya digrii 3 kutoka kwenye mstari ulionyooka. Ukiupinda zaidi, waya utakula nailoni, kisha nailoni iliyojaa mchanga itakula waya.

Kapi nayo isimame sawasawa na njia ya waya. Ikikaa upande, waya husugua ukingo wa kapi na nyuzi huanza kukatika moja moja. Karibu na kapi lazima kuwe na pini au kilinzi cha kuzuia waya usiruke nje siku utakapolegea. Kapi isiwe ndogo mno, kwa maana waya unaokunjwa sana kila siku huchoka kama mgongo wa mbeba magunia.

Mwisho wa kebo hukunjwa kuzunguka pete ya chuma yenye mfereji, kisha hubanwa kwa kifungo cha shaba. Kwa kebo ya unene tuliotaja, kifungo hubanwa mara 3, na kwa utaratibu: katikati kwanza, kisha upande wa pete, mwisho upande wa nje. Halafu hupimwa kwa kipimo maalum. Kikikataa kuingia katika kipimo, mbano haukukamilika, hata kama kwa macho unaonekana mzuri.

Kukaza waya hufanywa kwa kikazio chenye skrubu pande mbili; ukikizungusha, waya hukaza au hulegea. Meno ya skrubu yasiyozidi 3 ndiyo yaruhusiwe kuonekana nje ya kikazio, na kikishakazwa hufungwa kwa waya mdogo wa usalama kisijifungue chenyewe kwa mtikisiko wa injini. Tena kikazio kisifikie kapi wala tundu la ubavu hata mpini unapopelekwa mpaka mwisho, kwa sababu kitakwama huko, na rubani atajikuta ameshika mpini usiorudi.

Joto nalo lina sehemu yake. Alumini hutanuka kwa jua kuliko chuma. Kwa hiyo ndege ya alumini ikikaa juani mwili wake hurefuka zaidi ya kebo, na kebo hukaza. Usiku wa baridi hulegea. Fundi anayekaza waya bila kutazama kipimajoto na jedwali lake anafanya kazi nusu.

Na ukaguzi je? Chukua kitambaa, ukizungushe waya, ukipitishe polepole toka mwanzo hadi mwisho. Uzi mmoja uliokatika utanasa kitambaa. Usitumie kidole kitupu, utachomwa. Kisha peleka mpini mpaka mwisho wake, ili ile sehemu ya waya iliyojificha ndani ya kapi itoke, nayo uikague. Wala usiuoshe waya kwa petroli. Petroli huingia ndani na kuondoa mafuta yanayozuia nyuzi kusagana. Kabla ya kufunga bati la mwisho hesabu spana zako. Spana moja iliyosahauliwa chini ya sakafu yaweza kuzuia usukani wote.

WAYA ULIOFUNGWA KINYUME

Hata hivyo ubaya mkubwa kuliko wote hauonekani kwa kitambaa. Tulisema kila kibawa kina nyaya mbili. Fundi akizibadilisha, huu pahali pa ule, kila kitu kitakuwa kimekaza vizuri, kimefungwa vizuri, kinang'aa. Lakini rubani akielekeza mpini kulia, ndege itainama kushoto.

Msidhani hilo ni la wajenzi wa uani tu. Tarehe 11 Novemba 2018 ndege ya abiria ya shirika la Air Astana, aina ya Embraer 190, iliondoka Alverca nchini Ureno baada ya kufanyiwa matengenezo makubwa. Ndani walikuwamo watu 6. Kebo za aileroni zilikuwa zimebadilishwa, na zilipitishwa kinyume. Tangu ilipopaa ndege ilikataa kutii. Marubani walihangaika hewani karibu saa mbili, wakafikiria hata kuishusha majini, mpaka wakafaulu kutua katika uwanja wa Beja. Hakufa mtu, lakini ndege haikutengenezeka tena. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilipokuwa bado karakanani ndege yenyewe ilitoa onyo la hitilafu ya usukani. Mafundi walitumia siku 11 kulitafuta kosa, na hawakuliona lile la nyaya. Marubani nao walipojaribu usukani kabla ya kuondoka hawakugundua.

Kinga yake ni nyepesi. Mtu mmoja akae kwenye kiti cha rubani, mwingine asimame nje, nao waulizane kwa sauti. Mpini kulia: kibawa cha kulia kinyanyuke, cha kushoto kishuke. Mpini ukivutwa nyuma: kibawa cha mkiani kinyanyuke. Pedali ya kulia: usukani wa mkia uelekee kulia. Marubani wana njia ya kukumbuka: shika mpini kidole gumba kikiwa juu, ukiuelekeza upande mmoja, gumba litakuonyesha upande ambao kibawa chake lazima kiwe kimenyanyuka. Kusema tu kwamba "usukani unacheza" haitoshi. Hata waya wa kinyume unacheza.

ALIYEFUNDISHA NDIYE ALIYEKAGUA

Tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo ya abiria, safari ya Air Midwest namba 5481, ilianguka ilipokuwa ikipaa Charlotte nchini Marekani. Watu wote 21 waliokuwamo walikufa. Usiku wa siku mbili kabla, kebo za kibawa cha mkiani zilikazwa upya. Fundi aliyeshika vikazio alikuwa hajapata kuifanya kazi hiyo katika ndege ya aina ile. Hatua 9 za kitabu zilirukwa. Mkaguzi aliyepaswa kuithibitisha kazi ndiye yule yule aliyekuwa akimfundisha, na ndiye aliyekubali hatua zirukwe. Kibawa kikabaki na karibu nusu tu ya mwendo wake wa kushusha pua.

La kutisha ni kwamba ndege ile iliruka mara 9 baada ya kazi hiyo bila ajali. Mara ya kumi ilikuwa imejaa, na uzito ulikuwa umezidi na kuelemea nyuma. Pua ilipopanda, rubani alihitaji ile nusu iliyokosekana.

Ndugu zetu, tutafakari jambo hili. Tumezoea kuambiwa kiwandani, "Mashine hii imefanya kazi wiki nzima, basi ni nzima." Mara 9 si ushahidi. Kazi yenye kasoro yaweza kungoja siku ya mzigo mkubwa.

NJIA YENYEWE IKIWA MBAYA

Pengine fundi hana kosa hata kidogo, na kosa liko kwenye mchoro. Katika ndege kubwa ya DC-10 nyaya za kwenda mkiani zilipitishwa kwenye sakafu ya abiria. Tarehe 12 Juni 1972 mlango wa mizigo wa ndege kama hiyo ulifunguka angani juu ya Windsor, Kanada. Hewa ilitoka kwa nguvu, sakafu ikabonyea, na nyaya zikadhurika. Rubani alikuwa hodari, akatua Detroit na watu wote 67 wakapona.

Siku 15 baadaye Dan Applegate, mkuu wa uhandisi katika kampuni ya Convair iliyotengeneza sehemu za ndege hizo, aliandika barua kwa wakubwa wake. Alionya kwamba milango ile itafunguka tena, na kwamba yawezekana ndege kupotea. Wakubwa waliisoma, wakazungumza juu ya nani atakayelipa gharama, na barua haikupelekwa kwa mwenye kuunda ndege. Tarehe 3 Machi 1974 mlango wa DC-10 ya shirika la Uturuki ulifunguka karibu na Paris. Sakafu iliporomoka, usukani ukapotea, na watu 346 wakafa.

Baada ya vifo hivyo mlango ulirekebishwa, na sakafu za ndege kubwa zikatakiwa ziwe na njia ya kupitisha hewa ili zisiporomoke. Yote hayo yaliwezekana kufanywa mwaka 1972.

UANI NI NANI MKAGUZI?

Sasa turudi kwa mjenzi wa nyumbani. Katika karakana za ndege za nchi nyingi ni kanuni kwamba usukani ukiguswa, ukaguliwe na watu wawili, na yule wa pili asiwe ameshiriki katika kazi hiyo. Mjenzi wa uani hana mtu wa pili. Yeye ndiye aliyechora, aliyetoboa, aliyepitisha waya, na usiku ndiye anayejikagua. Jicho lake limeshazoea kosa lake. Anatazama mahali pa kosa, na anaona alichokusudia.

Dawa si kumkataza. Uganda imepata kuwa na watu wa ujuzi huu kwa muda mrefu. Soroti pana chuo cha urubani na ufundi wa ndege kilichoanzishwa mwaka 1971, wakati wa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Kajjansi na Entebbe wapo mafundi wenye leseni. Kijana mwenye waya mkononi amwite fundi kama huyo mapema, kabla ya kufunika bati, wakati njia yote iko wazi. Aache na vidirisha vya kufungulia, ili kila kapi ionekane hata baada ya miaka kumi. Kapi isiyoonekana haikaguliwi.

NA SISI KAZINI?

Waya wetu ni wa namna nyingine. Ni kebo ya winchi inayoinua gunia juu ya kichwa cha mwenzako. Ni kamba ya dharura kando ya ukanda wa kupeleka majani ya chai, ambayo ikivutwa mashine isimame. Ni waya wa breki ya trekta linaloshuka kilima na tela la miwa. Nayo imefichwa nyuma ya bati, imezoeleka, na aliyeifunga jana ndiye anayeulizwa leo kama ni nzima.

Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, lilikubali kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asiadhibiwe. Uganda nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayotambua haki ya mfanyakazi kuihama hatari na inayoweka kamati za usalama mahali pa kazi. Applegate alikuwa mkubwa, na barua yake ilikaa mezani. Mfanyakazi wa zamu ya usiku atasikilizwa vipi akiwa peke yake? Kwa hiyo onyo liandikwe, lipite kwenye kamati, liwe na tarehe, na nakala ibaki kwetu.

Tunaliomba kila tawi lichague waya mmoja mahali pake pa kazi, ule ambao ukikatika au ukifungwa vibaya mtu ataumia. Mashine ikiwa imezimwa na kufungwa, bati lifunguliwe mbele ya watu wawili, na mmoja wao awe hajapata kuugusa waya huo. Wachukue kitambaa, waupitie toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa ni wa dharura, mashine ikishafungwa vizuri na kuwashwa tena, mmoja avute na mwingine atazame kama imesimama kweli. Wakimaliza waandike walichokiona na majina yao wote wawili, na karatasi iletwe kwenye mkutano ujao.